Lebo za Bidhaa Zinazoingizwa Nchini: Masharti, Lugha na Utekelezaji Wake katika Wilaya za Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua masharti ya lebo kwa bidhaa zinazoingizwa Tanzania kutoka nje, yakizichukua wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuwa eneo la mfano. Ufafanuzi umejengwa juu ya uchambuzi wa nyaraka: sheria za nchi, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kiwango cha jumla cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa. Hoja kuu ni kwamba sharti la lebo hutimia pale maandishi yanapomfikia mtumiaji wa mwisho katika lugha anayoisoma. Kuwapo tu kwa maandishi juu ya kifungashio hakutoshi. Katika wilaya hizi ujumbe wa lebo unaweza kukatika mahali patatu: mpakani, ambapo lugha ya lebo huwa ngeni, katika tafsiri, ambapo istilahi za tarehe huchanganywa, na dukani, ambapo bidhaa hutolewa katika kifungashio chake na kuuzwa kwa kupima. Makala yanaonesha kwamba kibandiko cha nyongeza, ambacho viwango vinakiruhusu, ndiyo njia iliyo karibu zaidi na uwezo wa mfanyabiashara mdogo, na kwamba kufaulu kwake kunategemea kuwapo kwa istilahi sanifu za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtengenezaji wa maziwa ya unga, sabuni au kiuatilifu hayupo dukani wakati bidhaa yake inaponunuliwa. Kinachozungumza kwa niaba yake ni maandishi yaliyo juu ya kifungashio. Bidhaa inayotengenezwa nchini huwa na mazingira yanayoisindikiza: mtengenezaji anajulikana alipo, mamlaka inayomsimamia ni moja, na lugha yake ni ya wanunuzi wake. Bidhaa inayotoka nje huvuka mpaka bila mazingira hayo, na kwa sababu hiyo lebo yake hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mama anayechanganya maziwa ya mtoto kwa kipimo kisicho sahihi, au mkulima anayenyunyizia kiuatilifu bila kujua ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, hana mtu mwingine wa kumuuliza.

Kwa upande wa pili yuko mfanyabiashara. Bidhaa isiyotimiza masharti ya lebo inaweza kuzuiwa, kurudishwa ilikotoka au kuteketezwa. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hasara ya shehena moja. Kwa mwenye duka la kijijini ambaye mtaji wake wote umo katika maboksi machache, ni mwisho wa biashara. Kwa hiyo, kuyafahamu masharti haya ni suala la afya kwa mnunuzi na suala la riziki kwa muuzaji.

Makala yanajibu maswali matatu. Kwanza, masharti ya lebo kwa bidhaa za nje ni yapi na yanatokana na vyombo gani? Pili, lugha ina nafasi gani katika kutimizwa au kutotimizwa kwa masharti hayo? Tatu, mfanyabiashara mdogo wa Kibondo au Kasulu anaweza kuyatimiza kwa njia gani? Katika kujibu swali la pili, makala yanaongozwa na Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwaka 1978, inayoshikilia kwamba tafsiri hupimwa kwa lengo inalokusudiwa kulitimiza kwa hadhira yake mpya. Nadharia hii inafaa kwa lebo kwa kuwa lebo ni matini yenye lengo lililo wazi: kumwezesha msomaji kuchagua, kutumia na kuhifadhi bidhaa kwa usalama.

2.0 Mazingira ya Kibondo na Kasulu

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko magharibi mwa Tanzania, jirani na Burundi. Mwaka 2012 wilaya mpya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe ikamegwa kutoka Kasulu. Kwa sababu hiyo njia ya Manyovu, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya Kasulu, leo imo Buhigwe. Upande wa Kibondo, Mabamba ndiyo njia mashuhuri ya kuelekea Burundi. Wenyeji walio wengi ni Waha, ambao hulima maharagwe, mahindi, mihogo, migomba na kahawa.

Bidhaa za nje huwafikia wakazi kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni ya masafa marefu: bidhaa hushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam, hupitia kwa wauzaji wa jumla, kisha husafirishwa kwa barabara, au kwa reli ya kati ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, hadi katika maduka ya miji na vijiji. Ya pili ni ya mpakani: bidhaa kutoka Burundi, na nyingine kutoka Kongo kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, huingia kwa viwango vidogo, aghalabu zikibebwa kwa baiskeli, pikipiki au kichwani. Ya tatu inatokana na historia ya eneo hili ya kupokea wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na ikapokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka huohuo wa 2015. Mgawo wa chakula unaotolewa kambini kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huwa na mafuta ya kupikia na unga wa lishe, na sehemu yake huingia katika masoko ya jirani.

Kila njia ina tatizo lake la lebo. Ya kwanza huleta bidhaa ambazo kwa kawaida zimekaguliwa, lakini lebo zake mara nyingi huwa kwa Kiingereza pekee. Ya pili huleta bidhaa zenye lebo za Kifaransa au Kirundi, na nyingine zisizo na lebo kabisa. Ya tatu huleta bidhaa ambazo lebo yake haikukusudiwa mnunuzi, kwa sababu hazikukusudiwa kuuzwa.

3.0 Masharti ya lebo na chimbuko lake

3.1 Vyombo vya kisheria

Hakuna sheria moja ya Tanzania iliyokusanya masharti yote ya lebo. Masharti hayo yamegawanyika kwa kufuata aina ya bidhaa, na mgawanyiko huu ndio unaomchanganya mfanyabiashara.

Chombo kikuu ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Hadi mwaka 2019, chakula na vipodozi vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia chakula na vipodozi TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikibadilika jina kuwa TMDA. Kwa hiyo, mwenye duka anayeuza biskuti, losheni na dawa za maumivu katika rafu tatu zinazofuatana hushughulika na vyombo viwili tofauti.

Vyombo vingine ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI). Na Wakala wa Vipimo (WMA), ambao huhakiki kwamba uzito au ujazo ulioandikwa ndio uliomo. Tume ya Ushindani husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomkinga mlaji dhidi ya taarifa za kupotosha, pamoja na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayokataza alama za kughushi.

3.2 Ngazi ya Jumuiya na ya kimataifa

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ndani ya Jumuiya, lebo za vyakula vilivyofungashwa huongozwa na kiwango EAS 38, na lebo za vipodozi huongozwa na EAS 346. EAS 38 kinafuata kwa karibu kiwango cha Codex cha mwaka 1985, kilichotolewa na Tume ya Codex, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yaliianzisha mwaka 1963. Aidha, sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji imeweka msingi wa nchi wanachama kutambua alama za ubora za wenzao, ili bidhaa iliyothibitishwa katika nchi moja isipimwe upya katika nyingine.

Hapa pana suala linalohitaji ufafanuzi. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, ambapo bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huweza kupitishwa kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho huthibitisha mahali bidhaa ilipozalishwa na kumwondolea mwenye mzigo ushuru wa forodha. Hakithibitishi ubora wala hakiondoi sharti la lebo. Mfanyabiashara aliyevuka Mabamba na cheti chake mkononi anaweza kuwa amemaliza masuala ya forodha huku masuala ya viwango yakiwa hayajaanza.

Kwa bidhaa za masafa marefu, TBS ilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa. Utaratibu huo umeundwa kwa ajili ya makontena, na ni vigumu kuufikiria ukitumika kwa boksi tatu zilizofungwa nyuma ya baiskeli. Bidhaa za aina hii ya pili hutegemea ukaguzi wa mpakani na wa sokoni, ambao hufanywa baada ya mfanyabiashara kuwa ameshatoa fedha yake.

3.3 Mambo ya lazima katika lebo ya chakula

Kwa mujibu wa Codex na kiwango cha Jumuiya, lebo ya chakula kilichofungashwa inapaswa kuonesha mambo yafuatayo:

(i) jina la chakula linaloeleza asili yake halisi, si jina la kibiashara pekee;
(ii) orodha ya viambato, kuanzia chenye uzito mkubwa hadi chenye uzito mdogo wakati wa kutengeneza;
(iii) uzito au ujazo halisi kwa vipimo vya metriki;
(iv) jina na anwani ya mtengenezaji, mfungashaji, msambazaji, mwagizaji au muuzaji;
(v) nchi ya asili;
(vi) namba ya toleo;
(vii) tarehe na masharti ya uhifadhi;
(viii) maelekezo ya matumizi pale yanapohitajika.

Vyakula vinavyojulikana kusababisha mzio, kama vile nafaka zenye gluteni, mayai, samaki, karanga na maziwa, havina budi kutajwa daima. Kuhusu nchi ya asili, chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake, nchi hiyo ya pili ndiyo inayohesabiwa kuwa asili yake. Vifungashio vidogo sana, ambavyo uso wake mkubwa haufikii sentimita 10 za mraba, vinaweza kusamehewa baadhi ya mambo haya, isipokuwa vya viungo. Msamaha huo hauhusu jina la chakula, uzito wala nchi ya asili.

Juu ya yote haya lipo sharti la jumla: lebo isiwe ya uongo wala ya kupotosha, iwe wazi, isomeke, isifutike, wala isibanduke kutoka kwenye kifungashio.

4.0 Lugha ya lebo

4.1 Mdomo huvuka mpaka, lebo hubaki

Katika uainishaji wa Guthrie, Kiha (D66) na Kirundi (D62) ni lugha za kundi moja, na wazungumzaji wake husikilizana kwa kiasi kikubwa. Muuzaji kutoka Burundi anaweza kumweleza mnunuzi wa Kibondo, bila mkalimani, namna ya kutumia bidhaa yake. Usikilizanaji huo ni mali kubwa ya biashara ya mpakani. Hata hivyo, unaishia mdomoni. Lugha inayotawala katika lebo za viwandani nchini Burundi ni Kifaransa, ambacho mnunuzi wa Kasulu hakukisoma shuleni. Bidhaa ikishaondoka mikononi mwa muuzaji wa kwanza na kuingia duka la pili, maelezo ya mdomo hupotea, na kinachobaki ni maandishi ambayo muuzaji na mnunuzi wote hawayaelewi.

Kanuni za Tanzania kuhusu lebo za chakula zinataka maandishi yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, au kwa lugha zote mbili. Neno “au” hapa lina uzito. Lebo ya Kiingereza pekee hutimiza kanuni, ilhali kwa msomaji aliyeishia elimu ya msingi kwa Kiswahili inaweza kuwa imefungwa sawasawa na ile ya Kifaransa. Kwa kipimo cha Skopos, lebo ya kwanza imetimiza sharti bila kutimiza lengo. Ikumbukwe pia kwamba viwango vyenyewe vya Jumuiya vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi iliyotajwa awali katika Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, Kiswahili kikitajwa kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Hatua hiyo haiwezi kumnufaisha mwenye duka kikamilifu iwapo kiwango anachotakiwa kukifuata hakisomi.

4.2 Istilahi za tarehe

Hakuna sehemu ya lebo inayoangaliwa zaidi kuliko tarehe, na hakuna inayofasiriwa vibaya zaidi. Codex, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2018, hutenganisha dhana mbili. Ya kwanza ni tarehe ya ubora: hadi siku hiyo chakula kisichofunguliwa kitabaki na sifa zake zote, na baada ya hapo kinaweza bado kuwa salama ingawa ladha au mwonekano wake umepungua. Ya pili ni tarehe ya usalama: baada ya siku hiyo chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa.

Kiswahili cha madukani kimeziunganisha dhana hizi. Maneno “mwisho wa matumizi”, “tumia kabla ya” na kitenzi cha mkopo “kuekspaya” hutumika kwa zote mbili. Matokeo yake yana pande mbili zinazopingana. Biskuti zilizopitwa na tarehe ya ubora huonekana kuwa sumu, na mfanyabiashara hupata hasara isiyo ya lazima. Kisha mnunuzi aliyewahi kula biskuti kama hizo bila kudhurika huhitimisha kwamba tarehe zote ni maneno matupu, naye huidharau hata tarehe ya maziwa ya mtoto. Upande huu wa pili ndio wenye hatari.

Makala yanapendekeza istilahi mbili zilizotengana: “bora kabla ya” kwa tarehe ya ubora, na “usitumie baada ya” kwa tarehe ya usalama. Ya kwanza inatoa taarifa. Ya pili inakataza kwa kiambishi cha ukanushi kinachoeleweka na kila mzungumzaji. Tofauti ya kisarufi inabeba tofauti ya kisheria.

Namna ya kuandika tarehe nayo huleta utata. Tarakimu 03/04/26 husomwa Tanzania na Burundi kuwa tarehe 3 Aprili, lakini bidhaa iliyokusudiwa soko la Marekani humaanisha Machi 4. Codex inataka siku na mwezi vioneshwe kwa chakula kinachodumu kwa miezi mitatu au pungufu, na angalau mwezi na mwaka kwa kinachodumu zaidi. Kuandika mwezi kwa herufi huondoa utata wote kwa gharama ya herufi chache.

4.3 Kibandiko cha nyongeza

Codex imeweka njia ya kutoka katika tatizo la lugha. Ikiwa lugha ya lebo ya asili haikubaliki kwa mlaji anayekusudiwa, kibandiko cha nyongeza chenye taarifa za lazima katika lugha inayotakiwa kinaweza kutumika badala ya kubadili lebo yote. Sharti lake ni moja: taarifa zake zilingane kikamilifu na kwa usahihi na zile za lebo ya asili. Kibandiko kisifunike tarehe wala namba ya toleo, kwani kufanya hivyo huzua shaka ya kughushi.

Mfano ufuatao, ambao ni wa kubuni, unaonesha kibandiko cha biskuti zenye lebo ya Kifaransa:

Jina la chakula: Biskuti za ngano.
Viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, maziwa ya unga, chumvi.
Tahadhari ya mzio: ina ngano na maziwa.
Uzito halisi: gramu 200.
Mtengenezaji na nchi ya asili: (kama ilivyo katika lebo ya asili).
Mwagizaji: (jina na anwani).
Namba ya toleo: (tazama lebo ya asili).
Bora kabla ya: (siku, mwezi kwa herufi, mwaka).
Uhifadhi: weka mahali pakavu, mbali na jua.

Maneno ya kibandiko hiki hayafiki sabini, na karibu yote ni msamiati wa kila siku. Ugumu wa kukiandaa hauko katika Kiswahili. Uko katika kupata mtu anayeisoma lebo ya asili na kuthibitisha kwamba hajakosea. Kosa la kufasiri “siagi” badala ya “mafuta ya mimea”, au kuacha maziwa katika orodha, hufanya kibandiko kuwa cha kupotosha, na mwenye kukibandika ndiye anayewajibika.

5.0 Lebo inapopotea dukani

Hata lebo iliyo kamilifu inaweza kutomfikia mlaji. Katika magulio na maduka ya vijijini wengi hununua kwa kipimo kinacholingana na fedha ya siku: mafuta ya kupima kutoka katika dumu la lita 20, unga kwa kisado, maziwa ya unga kwa kijiko. Dumu linabaki na lebo. Mnunuzi anaondoka na chupa tupu ya maandishi. Masharti ya vyakula vilivyofungashwa yanahusu kifungashio, na kifungashio kikishafunguliwa ulinzi wake hubaki nyuma ya kaunta.

Mafuta ni mfano mzuri. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinataka mafuta ya kula yanayosindikwa viwandani yaongezwe virutubishi, na mafuta ya mgawo wa wakimbizi huongezwa vitamini A na D. Anayepimiwa kutoka katika dumu hana namna ya kutofautisha mafuta hayo na mengine. Vilevile vifungashio vya misaada kutoka Marekani vimekuwa vikiandikwa kwa Kiingereza kwamba yaliyomo hayauzwi wala kubadilishwa. Maandishi hayo ni sehemu ya lebo na yana nguvu ya katazo kwa anayeyasoma. Yakimwagwa mafuta hayo katika chombo kingine, katazo linatoweka pamoja na tarehe na namba ya toleo. Likitokea agizo la kuondoa toleo fulani sokoni, hakuna anayeweza kujua kama toleo hilo lilimfikia.

Maziwa ya watoto yanahitaji uangalifu wa pekee. Kanuni za Kimataifa za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1981 zinataka lebo za maziwa mbadala ziwe katika lugha inayofaa, zieleze ubora wa maziwa ya mama, zitoe maelekezo sahihi ya kuandaa na zisiwe na picha za watoto zinazoyapamba maziwa hayo. Kuuza maziwa haya kwa kijiko hufuta maelekezo yote ya kipimo na ya maji yaliyochemshwa. Hapa hoja ya umaskini wa mnunuzi haiwezi kuhalalisha upimaji, kwa sababu anayebeba athari ni mtoto mchanga.

6.0 Vipodozi na viuatilifu

Vipodozi vinaonesha kwamba lebo inaweza kuwa na maandishi mengi na bado ikaficha. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuondoa sokoni kufikia mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 kwa kilo. Mtengenezaji asiye mwaminifu haandiki neno la kawaida la zebaki. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha majina mengine yanayotumika, yakiwamo “calomel”, “cinnabaris” na “hydrargyri oxydum rubrum”. Limebainisha pia dalili nyingine: lebo inayomtahadharisha mtumiaji asiguse dhahabu, fedha, alumini au vito anapojipaka huashiria zebaki. Kwa mkaguzi na kwa mwenye duka, orodha fupi ya majina haya iliyobandikwa ukutani ina manufaa kuliko maelezo marefu ya kiwango.

Viuatilifu, kwa upande wake, vimejaribu kuvuka kikwazo cha lugha kwa rangi na michoro. Chini ya lebo huwekwa mshipi wa rangi unaoashiria kiwango cha sumu: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, buluu na kijani. Mfumo huu unamsaidia asiyesoma, alimradi amefundishwa maana ya rangi. Hausemi, hata hivyo, kipimo cha kuchanganya wala siku za kusubiri kabla ya mavuno. Hayo yanahitaji maneno. Na kiuatilifu kikimiminwa katika chupa ya soda ili kiuzwe kwa wenye mashamba madogo ya maharagwe au nyanya, rangi na maneno hupotea kwa pamoja, na chupa yenyewe humdanganya mtoto kwamba ndani mna kinywaji.

7.0 Njia ya utekelezaji kwa mfanyabiashara mdogo

Kutokana na ufafanuzi uliotangulia, mfanyabiashara wa Kibondo au Kasulu anaweza kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, aainishe bidhaa kabla ya kuinunua: ni chakula, kipodozi, dawa, kiuatilifu au mbegu? Jibu ndilo linaloonesha mamlaka ya kuuliza. Pili, aikague lebo ya asili akiwa bado upande wa muuzaji, ambapo anaweza kuikataa bila hasara. Akikosa tarehe, namba ya toleo au jina la mtengenezaji, asinunue, kwa kuwa kibandiko cha nyongeza hakiwezi kuumba taarifa ambazo lebo ya asili haina. Tatu, aangalie alama ya ubora ya nchi mwanachama. Nne, atenganishe nyaraka za forodha na za viwango, na kuhifadhi risiti za kila mzigo. Tano, kwa bidhaa yenye lebo ya lugha ngeni, aombe maelekezo ya TBS kuhusu kibandiko cha nyongeza kabla ya kuipanga rafuni. Sita, kwa bidhaa zinazoruhusiwa kupimwa, kifungashio cha asili kibaki dukani hadi bidhaa iishe, kikiwa kimeelekezwa kwa mnunuzi ili asome.

Hatua hizi zinamtwika mfanyabiashara wajibu, lakini hazifai kuachwa kwake peke yake. Kazi ya kutafsiri lebo ileile mara mia katika maduka mia ni upotevu. Ni nafuu zaidi vibandiko vikiandaliwa katika ngazi ya muuzaji wa jumla au chama cha wafanyabiashara, kwa vielelezo vya Kiswahili vilivyoidhinishwa na TBS na kusambazwa kupitia Maafisa Biashara na Maafisa Afya wa halmashauri. Baraza la Kiswahili la Taifa na idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina mchango wa moja kwa moja hapa: kusanifu istilahi za tarehe, za viambato na za tahadhari, ambazo zikishakubalika zitatumika Mabamba, Manyovu na kwingineko.

8.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kwamba masharti ya lebo kwa bidhaa za nje yanatokana na sheria kadhaa zilizogawanywa kwa aina ya bidhaa, zikiungwa mkono na viwango vya Jumuiya na vya Codex. Yameonesha kwamba Kibondo na Kasulu zina mazingira yanayoyajaribu masharti hayo kwa namna ya pekee: jamii mbili zinazosikilizana kwa mdomo lakini zinazotenganishwa na lugha za maandishi, biashara ya mizigo midogo isiyolingana na taratibu za makontena, na bidhaa za misaada zinazovuka kutoka kambini hadi sokoni. Kutimiza neno la kanuni kwa lebo ya Kiingereza pekee kunamkinga mwagizaji dhidi ya adhabu, lakini hakumkingi mlaji dhidi ya madhara.

Utafiti wa uwandani unahitajika ili kupima ni kwa kiasi gani wanunuzi wa wilaya hizi wanatofautisha tarehe ya ubora na ya usalama, na kujaribu kama istilahi zilizopendekezwa hapa zinaeleweka bila maelezo ya ziada. Wakati huo ukisubiriwa, hatua moja haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi: kuandaa vielelezo vya vibandiko vya Kiswahili kwa bidhaa zinazovuka mpaka mara kwa mara, na kuvifikisha kwa wafanyabiashara kabla ya mkaguzi kufika.